Kivuli cha jirani

Siku walipomwaga zege ya ghorofa ya tatu upande wa kibla, yaani kaskazini kwetu, mavyaa, mamake mume wangu, alitoka uani na upawa mkononi, akatazama juu kwa muda, kisha akasema, "Haya, mwanangu. Jua limeshauzwa." Mimi nikacheka. Nilikuwa na mirehani iliyonifika magotini, mchaichai uliojaa pipa zima, kotimiri kwenye makarai matatu kuukuu ya fundi, na sikuona matofali ya watu yangenidhuru vipi.

Hiyo ilikuwa 2016. Tunaishi Majengo, Mombasa, kwenye nyumba ya Kiswahili ya kawaida: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na nyuma uani, hatua tano kwa hatua nane, nusu saruji na nusu udongo. Ng'ambo ya ukuta palikuwa na nyumba kama yetu na mwarobaini mmoja. Mzee mwenyewe akafariki, warithi wakauza, mwarobaini ukakatwa asubuhi moja, na baada ya miaka miwili pakawa na ghorofa tano. Sina ugomvi na mtu. Kiwanja ni chao, na mtaani kwetu nyumba za chini zilizobaki utazihesabu kwa vidole. Lakini uani kwangu paliingia giza, na uani ule ndio uliokuwa unanilisha.

Jioni baada ya alasiri natoa karai barazani, nauza viazi karai na bhajia, na anayenunua viazi karai Mombasa hanunui viazi, hununua chatne. Zangu ni mbili: ya ukwaju, na ya kijani, yaani kotimiri, nanaa, pilipili mbichi, nazi kidogo na ndimu. Ukiyanunua majani yale kila siku sokoni Marikiti, faida yote inakwenda kwa majani. Ramadhani ndiyo usiseme. Fungu la shilingi kumi hugeuka la ishirini, na lenyewe ukilifungua ni mashina matatu na uzi.

Nikisema kotimiri nakusudia majani, jamani. Kwetu dania zilikuwa ni zile mbegu za kusaga. Siku hizi sokoni yote ni dania, na ukiomba kotimiri muuzaji kijana anakutazama kama umemsemesha Kireno.

Mwaka wa kwanza wa giza nilipanda vile vile nilivyozoea, mahali pale pale, nikangojea. Rehani ilirefuka kama inatafuta mtu, shina jembamba, majani mbalimbali, na ukiyafikicha harufu ni ya mbali. Mavyaa alipochuma ya kikuba, kile kifungu cha majani ya kunukia, kwa ajili ya harusi alinirudishia nusu, akasema hiyo ni nyasi. Mchaichai ulilala chini wote kama nywele zilizolowa. Pilipili zilitoa maua mengi, maua yakaanguka. Kotimiri ndiyo iliyonitia uchungu zaidi: iliota vizuri, nikafurahi, kisha baada ya wiki mbili ikaanza kuanguka mmoja mmoja, shina limekuwa kama uzi uliolowa pale linapoingia mchangani. Nikaongeza maji. Nilifikiri ina kiu! Kumbe nilikuwa naimalizia. Kwenye kivuli udongo haukauki, na miche iliyobanana bila upepo inaozea kwenye shingo. Mche ulionyauka kwa kiu na mche unaooza shina huanguka sawasawa. Tofauti utaijua kwa kutia kidole mchangani tu, na mimi kidole sikutia.

Binti yangu akanitafutia maelezo kwenye simu. Akanisomea kwamba ukuta unaotazama kaskazini hauoni jua, basi pale panda vitu vya kivuli, na unaotazama kusini panda vitu vya jua. Nikamfuata. Juni, ule ukuta wetu wa nje kwenye uchochoro unaotazama kibla ulikuwa unaungua jua mchana kutwa, na nanaa niliyoipeleka pale "kivulini" ikawa majani ya chai. Maelezo yale hayakuwa ya uongo. Yaliandikwa na mtu wa Ulaya, ambako jua la adhuhuri halivuki upande wa pili maisha. Sisi tuko digrii nne tu kusini ya mstari wa ikweta, na jua letu lina nyumba mbili.

Hili babangu alinifundisha tangu utotoni, ila sikuwahi kulihusisha na kotimiri. Alikuwa baharia wa majahazi. Nyumbani hakusema mashariki wala magharibi. Alisema matlai na maghribi, kibla na suheli. Makka iko karibu sawa kabisa kaskazini mwa Mombasa, kwa hiyo kwa Mvita kibla na kaskazini ni kitu kimoja, na suheli ni kusini, ile nyota. Alikuwa akisema: pepo zinapogeuka na jua limegeuka. Kaskazi inavuma jua liko suheli. Kusi inavuma jua liko kibla. Upepo na jua wanapishana kama mke na mavyaa jikoni. (Mavyaa alikuwa hajafika kwetu wakati huo, babangu alizungumza ya kwake.)

Basi nikaamua kutazama badala ya kupanda. Nilikuwa na kopo la rangi ya mlango, buluu, iliyobaki tangu Idi. Kila mwezi siku moja, adhana ya adhuhuri ikilia, nilitoka uani na burashi, nikachora mstari kwenye saruji pale ukingo wa kivuli cha ghorofa ulipofika, na jina la mwezi pembeni. Watoto wa jirani waliifanya mistari ile uwanja wa kurukia. Mume wangu aliniuliza kama nimeanza kufuga majini. Lakini mwaka ulipotimia nilikuwa na ramani ambayo hakuna simu ingenipa.

Siku chache za Machi, na siku chache za Oktoba, jua la adhuhuri hapa hukaa utosini barabara. Simamisha mchi uani, hauna kivuli. Baada ya hapo Machi jua huvuka kwenda kibla, na ghorofa ikawa baina yangu nalo. Mstari wa Aprili mwishoni uliufikia mlango wa jiko. Wa Juni haukuchoreka, kwa sababu kivuli kilikuwa kimeshapanda ukuta wa nyumba yetu na uani wote umo ndani. Agosti ikikaribia kwisha kinaanza kurudi, na Oktoba kimenywea chini ya ukuta wa jirani kama paka aliyemwagiwa maji. Kuanzia hapo mpaka Februari jua liko suheli, linapita juu ya mabati yetu na kumwagika uani lote.

Kwa hiyo ghorofa haikuniibia jua la mwaka. Iliniibia la kusi ikaniachia la kaskazi. Na mtu wa Mombasa ukimwambia hivyo atakupa pole mara mbili, kwa sababu kusi ndiyo wakati wa baridi yetu, mvua ya masika imelainisha kila kitu, miche inastawi; na kaskazi ni jua la kukaangia yai. Nilikuwa na giza wakati wa mvua na tanuri wakati wa ukame.

Lakini mistari ya buluu ilinionyesha na jambo jingine. Kaskazi, nyumba yetu wenyewe, ile ya chini na mabati yake, hutupa kivuli kwenda uani. Si kikubwa, hatua moja na nusu hivi, chini ya ukuta wa jiko. Nilikuwa nikipapita kila siku na beseni la vyombo wala sikupaona. Pale ndipo makarai ya kotimiri yanapokaa sasa Desemba mpaka Machi: yanapata mwanga wa anga lote, lakini lile jua la saa sita halitui juu yake. Kotimiri ikipigwa joto haingoji. Inatoa ule mti wa katikati, majani yanageuka kama bizari ya kwenye picha, maua meupe, mbegu, kwaheri. Nikiiweka chini ya ukuta wa jiko napata wiki mbili tatu zaidi za majani kabla haijakimbilia maua. Biashara yangu ni hizo wiki mbili tatu.

Kusi makarai yanahamia upande wa maghribi, ambako kuna kiwanja kitupu na anga liko wazi. Adhuhuri nzima pako kwenye kivuli, lakini ni kivuli chenye mwanga. Na vivuli si sawa. Nina njia yangu ya kuvipima, na sijaona ya kuishinda. Naweka sahani nyeupe ya kulia chakula chini, mahali ninapotaka kupanda, saa sita mchana, na kunyoosha kiganja juu yake kiasi cha dhiraa. Vidole vikionekana vimechongeka kwenye sahani, hapo ni jua, peleka rehani. Ukiona umbo la mkono lakini vidole vimeshikana, ndipo pa kotimiri, nanaa, uwatu na tangawizi. Sahani ikibaki nyeupe kama hujaweka mkono, usijidanganye na mmea wowote wa kula. Weka ndoo.

Pembe ya namna hiyo ninayo, baina ya choo na ukuta wa ghorofa. Nilipoteza mbegu miaka miwili kabla ya kukubali kuweka ndoo.

Nanaa ni hadithi nyingine, na ndiyo inayonifurahisha kuisimulia. Sikununua mche. Nilichukua vijiti vinne kwenye fungu la sokoni, nikaondoa majani ya chini, nikavitia kwenye bilauri ya maji dirishani. Baada ya wiki moja na kitu mizizi myeupe kama ndevu za kambale. Nikaipanda hapa na pale, ikawa inaishi tu, haifi wala hainenepi. Siku moja nikaona kijiti kimoja kilichoanguka pembeni ya mfereji wa kutawadhia kimetambaa kimejaa. Nikakaa nikafikiri. Pale watu watano wanatawadha mara tano kwa siku, kila mmoja anadondosha maji kidogo, safi, bila sabuni. Jua la asubuhi linapenya kwenye uchochoro wa matlai, saa moja na nusu mpaka saa tatu hivi, kisha kivuli. Nanaa ilijichagulia. Nikaizungushia mawe, nikatia udongo wa majani yaliyooza, na tangu hapo sijaimwagilia kwa mkono wangu. Mume wangu akirudi msikitini bila kutawadha nyumbani namwambia ameinyima nanaa haki yake.

Onyo moja: usiiache nanaa itembee. Ina mizizi ya kutambaa chini kwa chini, na ilikuwa imeshaingia kwenye karai la vitunguu kupitia tundu la chini. Mawe hayo lazima yazame kiganja kimoja ardhini.

Majani ya kivulini ni makubwa kuliko ya juani, laini, yanavutia macho. Nilijisifu. Mteja wangu mmoja wa siku nyingi, mzee anayekula viazi vyake amesimama, akachovya, akatafuna, akaniambia, "Mama, leo chatne imelala." Alisema kweli. Nanaa iliyokulia kivulini haina ukali wa iliyokulia juani. Ile harufu inapungua. Nilikuwa nikitia gao moja, sasa natia mawili, na nachuma asubuhi baada ya lile jua la uchochoroni badala ya magharibi. Mzee hajalalamika tena, ingawa yeye hukaa kimya pia akiwa na hasira.

Sasa chokaa. Hapa nilijifanya mwerevu. Ule ukuta wa ghorofa kwa upande wetu uliachwa matofali matupu, kijivu, unameza mwanga wote. Nikafikiri, mji mzima huu wa zamani watu walipaka kuta chokaa, na vichochoro vyake vyembamba vina mwanga mpaka chini. Mwangalizi wa jengo aliniombea ruhusa kwa mwenyewe, ikapatikana, na wanangu wakapaka ukuta ule mpaka pale ngazi ilipofika. Wallahi uani palifunguka. Sahani yangu ilionyesha vidole mahali ambapo kabla haikuonyesha kitu. Kwa gharama ya mfuko mmoja wa chokaa na soda za vijana, sijafanya jambo la maana kuliko lile.

Ila hawakufunika udongo. Chokaa ilidondoka, mvua ya masika ikaosha nyingine, yote ikateremkia kitandani mwa mimea chini ya ukuta. Mwezi wa pili tangu hapo majani machanga ya kotimiri na uwatu yakawa manjano, mishipa imebaki ya kijani, kama ramani ya mito. Nilidhani njaa, nikatia samadi mbichi ya mbuzi, nikaunguza na iliyobaki. Ni mwangalizi yule, mzee wa Kigiriama aliyelima maisha yake yote kabla ya kuja mjini, aliyechota udongo akautazama. "Mama, hapa chini ni nini?" Nikamwambia mawe, tumbawe, kisiwa chote ndivyo kilivyo. "Na tumbawe likichomwa linakuwa nini?" Nikanyamaza. "Basi ardhi yenyewe ni chokaa, na wewe umeiongezea chokaa." Udongo wa namna hiyo huibana madini ya chuma, mmea unayaona lakini hauwezi kuyanywa. Tulitoa udongo wa juu kiasi cha shubiri, tukajaza majani yaliyooza ya mkungu na mwembe na samadi iliyokauka mpaka haina harufu. Na kila tunapopaka upya, kila mwaka kabla ya Ramadhani, gunia zinatandikwa kwanza.

Maji nayo. Tuna kisima, na maji yake yana chumvi, kama visima vingi kisiwani. Maji ya mfereji huja siku yakitaka, na ya mtungi ya mkokoteni ni pesa. Nikawa namwagilia ya kisima. Miezi miwili mitatu haikuonekana kitu, kisha ncha za majani zikaanza kuungua kwa rangi ya kahawia, na juu ya udongo pakawa na unga mweupe. Kwenye jua pia hutokea, lakini kivulini nilikuwa najiambia maji hayapotei upesi, basi chumvi haitazidi. Hesabu mbovu. Chumvi haiondoki popote kama maji hayapiti chini yakatoka. Siku hizi maji ya kisima ni ya kuoshea sakafu. Mimea inakunywa maji ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga, na ya mvua kutoka kwenye mabati, ninayoyakinga kwa pipa.

Pipa lina kifuniko, na kifuniko hicho nimekilipia. Mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018 chikungunya, ile homa ya mbu, iliposhika mji huu, nilikuwa miongoni mwa waliolala. Mguu haukunyooka, nilipanda choo kwa kutambaa, na viungo viliniuma miezi. Mbu wake haumi usiku akakupa nafasi ya chandarua. Anauma mchana, na hataki mtaro mchafu, anapenda maji safi yaliyotulia, hata ya kifuniko cha chupa. Nilipopata nguvu ya kutoka uani nikahesabu visahani vilivyokuwa chini ya makopo yangu ya mimea. Kumi na vinne. Vyote vina maji, na baadhi vina vile viwavi vinavyojikunjakunja. Kwenye jua maji yangekauka kabla mbu hajakua. Kivulini yalikaa. Nilivitupa vyote siku ile, nikiwa nimejishika ukutani. Makopo sasa yamekaa juu ya matofali mawili mawili, maji yakitoka yanaanguka mchangani, na nani atanipa ushauri kwamba mmea unataka kisahani!

Konokono nitawataja kwa ufupi kwa sababu wananichefua. Hawa wakubwa wa kwetu, wenye jumba refu kama ngumi, masika ndiyo sikukuu yao na kivuli chenye unyevu ndio ukumbi. Usiku mmoja wanamaliza karai la miche. Mavyaa alishauri chumvi; nilikataa, udongo wangu ulikuwa umeshakula chumvi ya kutosha. Jivu linasaidia mpaka linyeshewe. Kilichobaki ni tochi na ndoo baada ya isha, wiki tatu mfululizo, kisha wanapungua. Nanaa hawaigusi sana. Kunguru nao, wanaong'oa miche asubuhi kama wametumwa, nimewawekea kipande cha jarife bovu juu ya makarai.

Kitu ambacho sikukitarajia kabisa ni manjano. Niliyafukia vipande vitatu vyenye macho kwenye gunia, upande wa ukuta mweupe, mvua za Aprili zilipoanza, zaidi kwa kuona uchungu kuvitupa. Tangawizi vipande viwili kwenye gunia jingine. Mimea hii kwa asili yake hukaa chini ya miti, haitaki jua la utosi. Wakati kila kitu kingine uani kilikuwa kinaomba mwanga, manjano yalitoa majani mapana kama ya mgomba mdogo, yakaziba hata ukuta usionekane. Yalikaa miezi tisa. Majani yakakauka yenyewe Januari, nikapindua gunia, na mavyaa akakaa kwenye kibao kuyasafisha, vidole vikageuka rangi kama bibi harusi aliyekosea hina. Tangawizi moja ilioza kwa sababu gunia halikuwa na matundu ya kutosha chini. Iliyobaki ilitutosha chai ya miezi miwili.

Uwatu nao ni wa mtu asiye na subira. Mbegu ni zile zile za duka la viungo. Ziloweke usiku kucha, zimwage kwenye karai, siku ya nne zimeota, wiki ya tatu unakata. Kotimiri vilevile natumia mbegu za kupikia, ila kila punje ni mbili zilizofungana, basi nazikanyaga kidogo kwa chupa zipasuke, naloweka, na kutawanya mbalimbali kuliko zamani. Mpaka siku kumi zimetoka. Napanda karai moja kila wiki mbili, sipandi yote kwa pamoja, maana yote kwa pamoja ndiyo yale ya kuomba mafungu Marikiti baada ya mwezi.

Rehani na mchaichai vilinishinda chini. Viko juu. Mzee wa Kigiriama alinifungulia mlango wa paa la ghorofa lile lile, baina ya matangi ya maji, jua la mwaka mzima. Kila Ijumaa nampelekea viazi na chatne. Miezi ya kusi upepo ulinivunjia makopo manne mpaka tulipoyafunga kwa kamba, na kupanda ngazi za ghorofa tano na mtungi si mchezo kwa magoti yaliyopitiwa na chikungunya. Wanangu hupanda kwa zamu, wakigombana. Mavyaa amekubali kwamba rehani ya sasa ni rehani. Hakusema zaidi.

Wiki iliyopita kile kiwanja kitupu cha maghribi kimeuzwa. Lori limeshusha mawe na mchanga, na majirani wamepita mmoja mmoja barazani kunipa pole, wengine wakinunua viazi kabisa. Nawaitikia. Sikuwaambia kwamba jua la alasiri la kaskazi, lile linaloingia kutoka kiwanja kile saa tisa mpaka magharibi, ndilo linaloniunguzia makarai miaka yote hii, na kwamba jana nilimtuma mwanangu akamwulize fundi, kwa adabu, wanakusudia kufika ghorofa ngapi. Fundi amesema mbili, labda tatu. Mbili zingenitosha. Kopo la rangi ya buluu limekauka. Itabidi ninunue jingine.